Nani Anachekwa Makumbusho?

Safari hii sina kitabu cha kuchambua. Nina katoni. Iko kwenye maktaba yetu ya jamii, chini ya rafu ya kamusi, na ndani yake mna kalenda mbili za katuni, kadi za posta kama 30, kikombe kimoja, jozi ya soksi, mfuko wa kitambaa na sumaku nne za kubandika kwenye friji. Ni zawadi walizoacha wafanyakazi wa mashirika walipomaliza mikataba yao. Ukizipanga mezani utaona zote zinazungumzia jambo moja: utani juu ya watu wanaokwenda kuangalia majumba ya makumbusho na maonyesho ya sanaa. Huko Ulaya na Marekani utani huo una wachoraji wake, una maduka yake, na una historia ya zaidi ya miaka 200.

Utaniuliza: sisi na makumbusho wapi na wapi? Wengi wetu hatujaingia hata moja. Wengine walizaliwa hapahapa kambini, na jengo kubwa kuliko yote waliloingia ni bohari ya chakula. Haya, nivumilie. Nimezisoma katuni hizi wiki mbili pamoja na wanafunzi wangu wa Kifaransa, na nadhani zinatuhusu kuliko zinavyowahusu waliozinunua.

Nianze na kinachochekwa. Katuni nyingi za kalenda zinaingia kwenye mafungu matatu. Fungu la kwanza ni uchovu: mume amesinzia kwenye benchi, watu wamemzunguka wakidhani ni sanamu. La pili ni kutoelewa: bwana mwenye miwani anakitazama kizima-moto kilichotundikwa ukutani, ameshika kidevu kama profesa. La tatu ni duka la zawadi: familia inapita mbio mbele ya picha za miaka 500, halafu inakaa saa nzima kuchagua vikombe. Basi. Ukigeuza kurasa za miezi 12 utazunguka hapohapo.

Fungu la uchovu ndilo la zamani, na lina babu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mwingereza Thomas Rowlandson alichora ngazi za Somerset House, London, ambako Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilikuwa kikifanya maonyesho yake ya kila mwaka. Ukumbi mkubwa wa picha ulikuwa juu kabisa na ngazi zake zilikuwa kali. Kwenye mchoro wa Rowlandson watu wanaporomoka toka juu mpaka chini kama magunia ya mahindi toka kwenye lori. Magauni ya akina mama yamefunuka, na wanaume waliosimama pembeni wameshasahau picha za ukutani, wanaangalia miguu. Wanafunzi walicheka sana. Mmoja akasema, "Kumbe hata kule bazungu banasukumana kama sisi siku ya posho!" Ndivyo. Mchoro ule unasema watu wale hawakuja kuona sanaa. Walikuja kuonana.

Baada yake kuna Mfaransa Honoré Daumier. Huyu alijua katuni inaweza kukupeleka wapi, maana mwaka 1832 alifungwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya watu. Mwaka 1835 serikali ilibana katuni za siasa, naye akageukia maisha ya kila siku, na miaka mingi alikuwa akiwachora watu wanaotembelea Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris. Katika katuni yake moja ya miaka ya 1860, akina mama wawili wanapita kwenye maonyesho wamekasirika: kila ukuta Venus, kila ukuta mwanamke uchi, kana kwamba yuko mwanamke duniani mwenye umbo lile. Tazama sura zao. Daumier anawacheka kidogo, ni kweli, lakini malalamiko yao ni ya haki. Wanasema kitu ambacho wakosoaji wa magazeti hawakukisema: sisi wanawake wa kweli hatumo humu. Ukimaliza kucheka, unaanza kuwaza walichosema.

Hapo ndipo kipimo changu kinapoanzia. Katuni ya Daumier inaanza kwa kumcheka mgeni na inaishia kulicheka jumba lenyewe. Katuni nyingi za kalenda yetu zinamcheka mgeni halafu zinamwacha hapo. Hakuelewa, masikini, ha ha, tugeuze ukurasa wa Machi.

Sasa tutazame hilo fungu la pili, la kutoelewa, kwa sababu humo mna jambo zito. Utani wake si wa kubuni tu, mambo kama hayo yametokea kweli. Mwezi Mei 2016, vijana wawili waliweka miwani ya kawaida sakafuni kwenye jumba la sanaa ya kisasa la San Francisco. Wageni wakajikusanya kuipiga picha. Watu duniani walicheka, nami nilicheka. Utani huo ni mzuri kwa sababu waliochekwa ni watu wenye uwezo, waliolipa kiingilio, nao hawakupoteza kitu.

Lakini kuna utani wa pili unaofanana na huo kwa nje tu. Mwezi Oktoba 2015, katika jumba la Museion mjini Bolzano, Italia, wasafishaji waliingia asubuhi wakakuta chupa tupu za shampeni, vipande vya sigara na karatasi za sherehe sakafuni. Jana yake kulikuwa na shughuli mle ndani. Wakafanya kazi yao: wakafagia, wakatia kwenye mifuko. Kumbe ilikuwa kazi ya sanaa. Mwaka 2024, kwenye jumba moja la mji wa Lisse, Uholanzi, fundi wa lifti aliyaona makopo mawili ya bia ndani ya sehemu ya lifti, akayatupa. Nayo yalikuwa sanaa, yamechorwa kwa mkono kwa uangalifu mkubwa. Kazi zote mbili zilitolewa kwenye taka zikarudishwa, na jumba la Lisse lenyewe likasema fundi alikuwa anafanya kazi yake tu.

Mmoja wa wachoraji wa kalenda ana ukurasa unaofanana kabisa na habari hizo: mama msafishaji ameshika fagio, nyuma yake ukumbi mtupu unang'aa, na msimamizi wa jumba anazimia. Niliwauliza wanafunzi, hapo mnamcheka nani? Darasa likanyamaza. Halafu msichana mmoja akasema, "Mimi mama yangu mkubwa iko Amerika, anafanya kazi ya kusafisha usiku." Hapana aliyecheka tena.

Sisemi katuni ile ni mbaya. Nasema inategemea mchoraji amesimama wapi. Akisimama nyuma ya msimamizi, mama yule ni mjinga. Akisimama nyuma ya mama, msimamizi ndiye anayechekesha, maana ameweka takataka sakafuni halafu anashangaa zikifagiliwa. Mchoraji wa kalenda amesimama nyuma ya msimamizi. Utajua kwa macho: amemchora mama na macho madogo na mdomo wazi, na msimamizi amempa uso kamili wenye maumivu. Kama wewe ni mchoraji unasoma haya, angalia hapo. Mtu unayemheshimu unampa uso.

Na siwezi kuondoka kwenye fungu hili bila ndizi. Wafanyakazi wa mashirika mnaijua habari hiyo, jirani zangu wengi walikuwa hawajaisikia. Mwezi Desemba 2019, Mtaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe wa kunata kwenye maonyesho ya Miami, akaiita Comedian. Bei: dola 120,000. Msanii mwingine akaibandua akaila. Mwezi Novemba 2024 kazi hiyohiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2, na mnunuzi naye baadaye akaila ndizi mbele ya waandishi wa habari. Nilipowaeleza wazee chini ya mwembe, mmoja aliuliza: "Hiyo ndizi iko na mbegu ya zahabu?"

Cattelan mwenyewe alikuwa anatania. Ametania soko la sanaa, na soko likaununua utani. Zikaja fulana za ndizi, na picha za ndizi zikasambaa kwenye simu. Soksi zilizomo kwenye katoni yetu zina ndizi na utepe. Lakini habari nzuri zaidi haikuchorwa kwenye soksi. Ndizi ya mnada ule ilinunuliwa siku hiyohiyo kwa muuza matunda wa barabarani, karibu na jengo la mnada, kwa senti 35. Muuzaji alikuwa mzee mhamiaji kutoka Bangladesh. Gazeti la New York Times lilipomweleza ndizi yake imekwenda wapi, alilia.

Huyo ndiye mtu aliyekosekana kwenye utani wote. Tumecheka mnunuzi, tumecheka msanii, tumecheka wageni. Aliyeleta ndizi hakuonekana mpaka mwandishi alipokwenda kumtafuta mtaani. Shikeni neno hilo, aliyeleta ndizi, nitalirudia.

Nije kwenye zawadi zenyewe, fungu la tatu. Watu wengi wenye elimu hudharau duka la makumbusho. Wanasema ni biashara, ni vitu vya kitoto. Mimi nalitetea kidogo. Mtu aliyesimama dakika moja mbele ya Mona Lisa pale Louvre, Paris, nyuma ya vichwa vya watu mia na simu zao, anatazama picha ndogo tu ya sentimita 77 kwa 53. Hawezi kuigusa, hawezi kuikaribia. Dukani anapewa kitu cha kushika. Kikombe kile ni ushahidi kwamba alifika. Nasi tunajua thamani ya ushahidi. Nani hapa hana karatasi aliyoikunja ndani ya plastiki tangu Kongo?

Tena zawadi ya bei rahisi ina uhuru ambao picha yenyewe haina. Mwaka 1911, mhamiaji wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi Louvre aliiiba Mona Lisa, akakaa nayo zaidi ya miaka miwili. Watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu! Kadi za posta za utani zikatoka, Mona Lisa ametoroka, Mona Lisa yuko safarini. Picha ilirudi mwaka 1914. Mwaka 1919 Marcel Duchamp alichukua kadi ya posta ya Mona Lisa, akamchora masharubu na kidevu cha ndevu. Angefanya hivyo kwenye picha yenyewe angefungwa. Kwenye kadi, alifanya kazi ambayo leo nayo iko kwenye vitabu vya historia ya sanaa. Ndiyo sababu sidharau kadi. Kadi ni mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kulijibu jumba.

Hata sumaku. Jirani yangu aliomba ile ya Mona Lisa. Friji hana, na hatarajii. Aliibandika kwenye debe la mafuta ya kupikia, inashika kadi ya kliniki ya mtoto isipeperuke. Nilimuuliza huyu mwanamke wa kwenye sumaku anamwonaje. Akasema, "Anachekea ndani. Iko na siri." Wataalamu wameandika vitabu vinene juu ya tabasamu hilo, na sijui kama wamesema zaidi.

Hadi hapa tumezungumzia makumbusho ya watu wengine. Sasa twende kwenye jumba ambalo sisi ndio tumo ndani.

Liko Tervuren, mji mdogo karibu na Brussels. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, Mfalme Leopold II aliletewa Wakongomani 267. Wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ya Tervuren ili Wabelgiji waje kuwatazama. Watazamaji walikuwa wakiwatupia vyakula vitamu, wakaumwa matumbo. Adam Hochschild ameeleza katika King Leopold's Ghost kwamba wenye maonyesho walitundika kibao kuwaambia watazamaji kuwa watu weusi wanalishwa na kamati. Kama wanyama wa bustanini. Watu saba walikufa huko, na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la Tervuren. Maonyesho yale ndiyo yaliyozaa jumba la makumbusho ya Kongo. Jengo lake kubwa lilifunguliwa mwaka 1910.

Ndani ya jumba hilo kulikuwa na sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913: mtu aliyevaa ngozi ya chui, ana kucha za chuma, anamnyemelea mtu aliyelala. Mchora katuni Mbelgiji, Georges Remi, tunayemjua kwa jina la Hergé, alikuwa hajafika Kongo hata siku moja. Alipochora Tintin au Congo, iliyotoka gazetini mwaka 1930 na 1931, alichukua vitu vya jumba hilo, na mtu-chui akaingia kwenye katuni. Angalia mzunguko huo: Mbelgiji anatengeneza sanamu ya Mkongomani wa kutisha, Mbelgiji mwingine anaitazama anachora katuni ya Mkongomani wa kuchekesha, watoto wa dunia nzima wanaisoma, halafu maduka yanauza vikombe vyake. Mkongomani mwenyewe hakuulizwa hata mara moja. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji alikwenda mahakamani akitaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilimkatalia.

Kinshasa walijibu kwa njia nyingine. Mafundi wa mbao wanachonga Tintin na kumwuzia mgeni. Wanafunzi walibishana sana juu ya jambo hilo. Kijana mmoja alisema ni aibu kuchonga aliyekutukana. Mwenzake akamjibu, "Si anamuuzia mwenyewe tusi lake kwa dola?" Mimi niko kati ya hao wawili. Kuuza ni kujibu, lakini ni jibu la mtu mwenye njaa.

Jibu kamili kwangu ni la Chéri Samba. Samba alizaliwa mwaka 1956, akaanza kazi Kinshasa kwa kuchora mabango ya barabarani na katuni za magazeti. Yaani ametoka kulekule kwenye kuchora kwa mkate. Mwaka 2002 alichora picha inayoitwa Réorganisation, nayo iko mikononi mwa jumba la Tervuren. Inaonyesha ngazi za jumba lenyewe. Waafrika wameifunga kamba ile sanamu ya mtu-chui, wanaivuta chini kuitoa nje. Juu, wazungu wa jumba wanaing'ang'ania. Mkurugenzi amesimama anatazama. Kwenye picha kuna maneno, kama kwenye katuni yoyote: hawa wanasema isiondoke kwa maana ndiyo iliyowafanya wawe walivyo, na mkurugenzi anajibu kwamba inasikitisha, lakini jumba lazima lipangwe upya.

Hii kwangu ndiyo katuni bora ya makumbusho kuliko zote. Ina mambo yote ya kalenda: ngazi kama za Rowlandson, watu wanaosukumana, msimamizi mwenye uso wa huzuni. Lakini mgeni mjinga hayumo. Waliomo ni wenye jumba na walioleta ndizi, na safari hii walioleta ndizi wameshika kamba. Tena Samba hakumnyima mtu uso. Wazungu wake si mashetani, ni watu wenye majonzi ya kuachana na kitu kibaya walichokizoea. Ndiyo maana inachekesha, na ndiyo maana inauma. Jumba lilifungwa kwa matengenezo mwaka 2013, likafunguliwa upya Desemba 2018. Mtu-chui aliondolewa ukumbini akawekwa chumba cha pembeni pamoja na sanamu nyingine za aina yake, na picha ya Samba imetundikwa humo. Sisemi jumba limetubu. Vitu vingi bado viko kule, na hata barakoa ya Wasuku ambayo Mfalme Philippe aliikabidhi kwa makumbusho ya taifa Kinshasa mwezi Juni 2022, ilikabidhiwa kama mkopo. Mkopo! Lakini mchoro ulitangulia miaka 16, na jumba likaufuata.

Kwa nini nimewachosha na yote haya? Kwa sababu hapa kambini tuna uamuzi wa kufanya, nao ni wa kuchambua katuni.

Kama kila mwaka, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kutakuwa na maonyesho ya picha za vijana ukumbini. Wageni watakuja. Wengi wa vijana wamechora njiwa, mikono iliyoshikana na jua linalochomoza. Wamechora vizuri. Msichana mmoja wa kidato cha tatu amechora katuni. Mgeni mwenye vesti na kamera amesimama mbele ya nyumba ya udongo. Mzee wa nyumba ameinuka kwenye kigoda chake, ameshika gundi, anambandika mgeni kibao kifuani. Kibao kimeandikwa: "Mgeni. Anatoka mbali. Anakaa dakika 40. Usimpe maji ya kisima, tumbo litamuuma."

Siku aliyoichora tulikuwa bado hatujafika Tervuren kwenye masomo yetu. Kibao cha 1897 hajawahi kukisikia. Amekifikia mwenyewe, kwa macho yake tu.

Kamati ya maonyesho imegawanyika. Baadhi ya wazee wanasema isitundikwe. Hoja yao si ya woga wa bure, na mimi naiheshimu. Wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Wanasema mgeni akikasirika, anayepoteza si mchoraji peke yake. Posho ni ya watu wote. Mtu aliyepanga foleni miaka 20 ana haki ya kuogopa kumchokoza aliyeshika ufunguo. Na wanasema mgeni ni mgeni, kwetu hachekwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Najibu kama mchambuzi, kwa kazi iliyo mbele yangu. Katuni hii inamcheka nani? Inamcheka mgeni, lakini kwa upole: mzee wake anamjali asiumwe tumbo. Mgeni amepewa uso, tena mzuri, anashangaa na anaanza kutabasamu. Mzee naye ana uso. Anayechekwa hasa ni utaratibu wa matembezi yenyewe: gari, shule, kisima, kituo cha afya, halafu meza ya vikapu vya akina mama pale mwisho, duka la zawadi kabisa. Sote tunaujua utaratibu huo, na wafanyakazi wa mashirika wanaujua kuliko sisi, maana wao ndio wanaotembezwa. Wengi wao wameniambia kwa midomo yao kwamba unawaonea haya. Vikapu vinunuliwe, sabuni inatokana navyo. Lakini anayenunua kikapu na akacheka kidogo juu ya kukinunua anamtazama msukaji usoni. Asiyecheka anatazama kikapu tu.

Na kuhusu ule usemi wa mgeni, wahenga hawakuishia hapo. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kumtania mtu ni kumpa jembe. Ni kumwambia umeshakuwa wa hapa, usisimame tu unatazama.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba itundikwe, tena mlangoni, mgeni aione kabla ya njiwa. Ikiwa kamati inaogopa, iweke jina la kamati nzima chini yake, mtoto asibebe peke yake. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, msituchagulie kicheko. Tuleteeni karatasi nzito na wino mweusi, kalamu za rangi tunazo za kutosha njiwa. Mkimaliza mkataba, katoni yenu ya kalenda tutaipokea kwa shukrani. Lakini kabla ya kuondoka ombeni kwa msichana huyu nakala ya katuni yake, mlipe bei yake, mkaibandike kwenye friji zenu.